Kununua Subaru ya turbo iliyotumika: ukaguzi wa injini, turbo na giaboksi kabla hujatoa hela

Subaru za turbo zina sifa mbili zinazosemwa kila kijiwe cha mafundi, kuanzia Nairobi hadi Dar: zinakimbia, na zinakufa injini. Ya kwanza haina ubishi. Ya pili ni kweli nusu. Injini ya EJ20 iliyobadilishwa oili kwa wakati na kuendeshwa na mtu mwenye subira huvuka kilomita laki mbili bila kufunguliwa. Zinazokufa mapema mara nyingi zimeuliwa. Dereva alizikimbiza zikiwa bado baridi, au aliacha oili ishuke hadi chini ya alama, au alimpa kijana wa mtaani aongeze presha ya turbo bila kugusa kingine chochote. Kwa hiyo unapokagua gari la aina hii, kazi yako kubwa ni kumsoma aliyelitumia kabla yako kupitia alama alizoziacha ndani ya injini.

Mwongozo huu unahusu Impreza WRX na STI, Legacy GT na Forester XT. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Za mwanzo karibu hazina gharama, na gari likianguka katika hatua ya tatu huna haja ya kumlipa fundi kwa hatua ya sita.

Hatua ya 1: Jua ni injini gani kabla ya kutoka nyumbani

Neno "Subaru turbo" kwenye tangazo halitoshi. Mwombe muuzaji picha ya kibao cha chesisi, kisha angalia herufi za mwanzo. GDA ni WRX ya 2000 hadi 2007, GDB ni STI ya kipindi hichohicho. GRB na GVB ni STI zilizofuata, VAB ni STI ya mwisho, na VAG ni WRX S4. Legacy ya BP5 au BL5 na Forester ya SG5 au SH5 zinaweza kuwa na turbo au zisiwe nayo, kwa hiyo hapo usitegemee herufi peke yake. Forester ya SJG ni turbo.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kila injini ina ugonjwa wake. EJ20, yenye sentimita za ujazo 1,994, ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu anayetaka kuendesha tu bila drama. EJ25 ya turbo, iliyofungwa kwenye STI nyingi za nje ya Japani na kwenye STI A-Line ya otomatiki, ina nguvu nzuri chini lakini pistoni zake ni dhaifu: sehemu nyembamba inayoshika ringi hupasuka injini ikigonga (petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda) kwa petroli mbaya au tyuni mbaya, yaani mipangilio mibaya ya kompyuta ya injini. FA20 iliyo kwenye S4 na Forester SJG ni ya kizazi kipya. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na petroli huingia moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingiza hewa hujaa masizi kadiri kilomita zinavyoongezeka.

Kuna moja ambayo ningekushauri uipite kabisa kama hili ni gari lako la kwanza la turbo: Legacy ya BH5 au BE5 yenye turbo mbili. Mfumo wake wa kupokezana kazi kati ya turbo ya kwanza na ya pili una mtandao wa vihosi vidogo vya vakyumu ambavyo sasa vimezeeka na kukauka. Kimoja kikipasuka, gari linapoteza nguvu katikati ya mizunguko, na kukitafuta ni kazi ya siku nzima.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa tupite haraka. Kwa Kenya, fanya utafutaji wa gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ulinganishe nambari ya injini iliyo kwenye kitabu cha gari na ile iliyogongwa kwenye bloku. Iko juu ya injini, karibu na inapoungana na giaboksi, utahitaji tochi. Zisipofanana, injini ilibadilishwa. Hilo peke yake si kosa, maana injini kutoka Japani zinauzwa kila siku, lakini muuzaji alipaswa kukuambia na kubadilisha kumbukumbu. Sasa unauliza swali jingine: iliyotangulia ilikufa kwa nini, na je, kilichoiua kimerekebishwa?

Gari likiwa limeingia karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kurekebishwa. Angalia pia vibandiko vya Kijapani: kwenye fremu ya mlango huwa kuna cha kubadilisha oili, na ndani ya boneti cha mkanda wa taimingi. Vina kilomita na tarehe. Miaka mara nyingi imeandikwa kwa kalenda yao: Heisei 25 ni 2013, Heisei 30 ni 2018, Reiwa 1 ni 2019. Kibandiko kikisema oili ilibadilishwa kwa kilomita 121,000 mwaka 2017, na mita leo inasoma 88,000, huna haja ya kubishana na mtu. Aga uende.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Subaru ilisimamisha STI yenye EJ20 mwishoni mwa 2019. Dirisha la kuagiza STI hizo moja kwa moja linafungwa, na soko la zile zilizo nchini tayari litazidi kupanda. Usikubali harakaharaka ya broka anayekuambia hivyo ili usifanye ukaguzi.

Hatua ya 3: Iwashe ikiwa baridi

Hatua hii ndiyo inayoniambia mengi kuliko zote, na ndiyo wauzaji wengi wanayoikwepa. Mwambie muuzaji kwa simu, na umwambie waziwazi: "Usiliwashe gari mpaka nifike." Panga ufike asubuhi. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti, kisha uliza ruhusa, ifungue na uguse rejeta na hosi ya juu. Kama kuna joto, uliza kwa upole kwa nini, halafu rudi siku nyingine. Injini yenye kelele hunyamaza ikipata moto, na muuzaji mjanja analijua hilo.

Ikiwa bado imezimwa, vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Injini hizi ni za boksa, yaani zimelala ubavu, silinda mbili kila upande, na oili huchukua muda kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini; ndiyo maana kipimo cha asubuhi ndicho cha kuaminika. Umbali kati ya alama ya juu na ya chini ni kama lita moja, na injini nzima ya EJ hubeba kati ya lita 4 na 4.5. Sasa piga hesabu: gari lenye oili chini ya alama ya chini limepoteza karibu robo ya oili yake yote, na bado linapigishwa kona kwa kasi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za konrodi, fimbo zinazoshika pistoni, zinakauka kwa sekunde chache. Sekunde hizo zinatosha.

Dondosha tone la oili hiyo kidoleni na ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, juani. Nyeusi si tatizo. Ikikwaruza, au ukiona chembe ndogo zinazong'aa za rangi ya fedha au shaba, usiendelee. Hizo ni beringi zinazoliwa. Inuse pia. Oili inayonuka petroli inaashiria injini inayochoma mafuta mengi mno, mara nyingi kwa sababu ya tyuni ya kubahatisha.

Sasa mwambie muuzaji aiwashe, wewe ukiwa umesimama mbele ya boneti na mwenzako nyuma kwenye ekzosi. Sikiliza vitu viwili tofauti.

Kuna mlio mwepesi wa tiki-tiki unaosikika dakika za mwanzo kisha unapungua injini ikipata joto. Hizo ni pistoni zikicheza kidogo kwenye silinda kabla hazijapanuka, na EJ nyingi zenye umri hufanya hivyo. Ukitoweka kabisa ndani ya dakika chache, usiupe uzito mkubwa. Utaweza kuomba punguzo.

Mlio wa pili ni mzito na unatoka chini, kama nyundo ndogo inayogonga ndani ya debe. Husikika vizuri ukipandisha mizunguko hadi 2,500 au 3,000 kisha ukaachia pedali taratibu. Huo ni wa konrodi. Haupungui kwa joto. Unazidi, maana oili inakuwa nyepesi. Muuzaji atakuambia ni "tapeti" au "ni mlio wa boksa tu". Mngurumo wa boksa ni kitu kingine kabisa: unatoka kwenye mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Tena Legacy GT za kuanzia 2003 na STI nyingi za soko la Japani za kipindi hicho zina mabomba yanayolingana, kwa hiyo hazingurumi. Usiikatae STI ya Kijapani kwa kuwa imetulia, na usikubali kugongagonga kwa jina la mngurumo.

Moshi: mvuke mweupe wa asubuhi Limuru au Njombe ni wa kawaida na unaisha. Moshi wa bluu ni oili. Ukitoka mara moja tu unapowasha, yawezekana ni sili za valvu. Ukitoka mfululizo, ringi. Kuna jaribio zuri kwa turbo: iache injini moto ikae slo, bila kukanyaga mafuta, dakika tatu nne, kisha ipige mafuta ghafla mara moja. Wingu la bluu hapo linaelekeza kwenye sili za turbo.

Injini ikiwa inaunguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili na uvute kijiti kidogo. Hewa kidogo inayopuliza ni sawa. Moshi unaopumua kwa nguvu, ukisukuma kama mapigo, ni kompresheni inayopita pembeni ya pistoni. Kwenye EJ25 hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya pistoni iliyopasuka sehemu ya ringi. Chungulia pia hosi za kupumulia oili: zikiwa zimejaa oili hadi inadondoka kwenye bomba la turbo, una jibu lako.

Hatua ya 4: Turbo yenyewe

Kwenye EJ turbo imekaa nyuma upande wa kulia wa injini, na juu yake kuna intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Kuiona vizuri lazima intakula itoke, kazi ya nusu saa kwa fundi anayezijua. Mlipe. Intakula ikitoka, utando mwembamba wa oili ndani yake ni jambo la kawaida kwa gari lenye umri. Oili inayomwagika ukiinamisha si ya kawaida.

Shika ncha ya shafti ya turbo kwa vidole viwili. Kucheza kidogo kwa pembeni kunaruhusiwa, kwa kuwa shafti huelea juu ya oili na sasa hakuna presha. Kucheza kwa mbele na nyuma hakuruhusiwi kabisa. Mapanga yakiwa yamekatika ncha au yamekwaruza ukuta, turbo imekwisha, na swali si bei ya turbo tena. Swali ni vipande vimekwenda wapi.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi wa haraka hawalijui. Kwenye Legacy GT za 2003 kuendelea na EJ25 za turbo, bolti inayopeleka oili kwenye turbo ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Kichujio hicho huziba kwa uchafu wa oili iliyokaa muda mrefu. Turbo inakosa oili, inakufa, chembe za chuma zinarudi kwenye sampu na kupanda hadi kwenye beringi za krenki. Mwenye gari anafunga turbo nyingine bila kusafisha bolti wala mabomba, na baada ya muda mfupi inakufa ya pili, mara hii ikienda na injini. Kwa hiyo ukisikia "nimeweka turbo mpya juzi", usifurahi. Uliza: bolti ya oili ilisafishwa? Sampu ilishushwa? Intakula ilioshwa? Majibu yakiwa ni kukuna kichwa, hesabu kama injini mbovu.

WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa masoko mengi ya nje zilikuwa pia na masega madogo (katalitiki ya kusafisha moshi) kwenye bomba la ekzosi linalopanda kuelekea turbo. Masega hayo yakizeeka hukatika vipande na kuingia moja kwa moja kwenye mapanga. Wengi wameshayaondoa. Kwa mara moja, hii ni modifikesheni ambayo ningependa kuikuta.

Ile valvu ya kutoa mlio wa "pshhh" kila unapobadilisha gia, ambayo vijana wanaipenda sana, ni habari nyingine. Kompyuta ya Subaru hizi hupima hewa inapoingia, kabla ya turbo, na valvu ya kiwandani hurudisha hewa ya ziada kwenye mfumo. Ukiimwaga nje, kompyuta inaendelea kunyunyizia petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena. Gari linakohoa, linamwaga moshi mweusi na kuloanisha plagi. Gharama ya kuirudisha ya zamani ni ndogo, lakini inakuambia umekutana na mwenye gari wa aina gani.

Hatua ya 5: Joto na gasketi ya hedi

Sifa ya Subaru kuchemsha ilianzia zaidi kwenye EJ25 zisizo na turbo. Za turbo zina gasketi ya chuma yenye tabaka kadhaa na zinavumilia zaidi, lakini zikichemshwa mara moja vibaya huanza kupitisha.

Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa tangi dogo lililo karibu na turbo. Ndani unataka kuona kulanti ya bluu au kijani, safi. Maji ya bomba yenye kutu ni ushahidi wa miaka ya kuongezewa maji barabarani. Injini za turbo zina mifuniko miwili, mmoja kwenye tangi hilo na mwingine kwenye rejeta, na haifanani kwa presha. Mafundi huichanganya, kisha gari linachemsha na wote wanailaumu gasketi.

Iache injini ipate moto kabisa hadi feni zizunguke na kuzima mara mbili. Tazama chupa ya akiba. Mapovu madogo mfululizo ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Kuna kipimo cha majimaji ya bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa tangi. Kikigeuka manjano, gesi ipo. Ni kipimo cha bei ndogo na kila gereji inayojiita ya Subaru inapaswa kuwa nacho.

Halafu gasketi ina ujanja wake: inaweza kutulia kabisa mjini na kujifichua kwenye mlima tu. Kama uko Nairobi, mpande na gari kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru. Aliye Iringa anao Kitonga. Sindano ya joto ikianza kupanda kwenye mzigo na kushuka ukipunguza mwendo, umeiona. Kipupwe cha ndani kikitoa hewa baridi ghafla wakati umewasha joto, maana yake kuna hewa kwenye mfumo wa maji, na mara nyingi chanzo ni kilekile.

Hatua ya 6: Kompresheni

Mpaka hapa umetumia zaidi macho, masikio na mikono. Sasa unalipa zaidi. Kutoa plagi kwenye boksa kunahitaji kuondoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande mwingine, na fundi mvivu atakuambia haina haja. Ina haja kubwa, na usinunue EJ25 ya turbo bila kipimo hiki.

Injini iwe moto, plagi zote nne nje, petroli imekatwa, betri imejaa chaji, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Zungusha mara sita au saba kwa kila silinda na uandike namba. Tofauti kati ya silinda ndiyo inayosema zaidi kuliko namba yenyewe: zote nne ziwe ndani ya asilimia 10. Silinda ya 4 ndiyo ya kutazama kwa jicho kali, kwa kuwa ndiyo huathirika mara nyingi.

Usidanganywe na majedwali ya mtandaoni. Yameandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu yake, hewa ni nyepesi, na injini ileile inayosoma psi 150 Mombasa inaweza kusoma kama 123 Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote. Mtu anayekataa gari zima Nairobi kwa sababu ya 125, 124, 126 na 123 amekataa gari zuri. Anayekubali 130, 128, 131 na 105 amenunua ovahoo.

Kama silinda moja iko chini, omba kipimo cha uvujaji: hewa ya kompresa inaingizwa kwenye silinda na unasikiliza inatokea wapi. Ikitoka kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Ikitoka kwenye ekzosi, valvu. Mapovu kwenye tangi la maji, gasketi. Plagi zenyewe zitazame kwa kioo cha kukuzia: vidoti vidogo vya fedha kwenye kauri nyeupe ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka kwa kugonga.

Hatua ya 7: Kompyuta na petroli

Taa ya injini iwake ukifungua swichi, kisha izime injini ikishawaka. Kuna wanaoing'oa balbu. Lakini msimbo wa makosa ni sehemu ndogo tu. Kwa laptop na waya wa kuunganisha, programu ya RomRaider inaonyesha thamani inayoitwa IAM, inayoeleza kompyuta inaiamini petroli na injini kiasi gani. Injini yenye afya inasoma 1.0, kwenye kompyuta za zamani za bit 16, ni 16. Ikiwa imeshuka, kompyuta imesikia injini ikigonga mara nyingi na imepunguza taimingi (imechelewesha cheche za plagi) ili kuiokoa. Soma namba hii baada ya safari ya maana, si mara tu baada ya betri kuchomolewa, kwani inakuwa imejifuta.

STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya kwao ya daraja la juu, ambayo pampuni huwa oktani 100 hivi. Super yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Gari linaloendeshwa kwa super ya kawaida likiwa na tyuni ya kiwandani ya Kijapani linajilinda lenyewe kwa kupunguza nguvu. Likiwa na tyuni iliyoongezwa presha, halijilindi tena. Uliza nani aliyelityuni, wapi, na kwa petroli gani. Jibu la "jamaa fulani alinipakulia ramani" ni sababu tosha ya kushusha bei sana au kuondoka.

Hatua ya 8: Mkanda wa taimingi

EJ zote zina mkanda. Japani hubadilishwa kwa kilomita 100,000, na ukikatika pistoni zinakutana na valvu. Bila risiti au kibandiko, chukulia haujabadilishwa, na hesabu gharama ya mkanda, tensheni, puli zake zote na pampu ya maji. Puli mbovu hukata mkanda mpya.

Hatua ya 9: Barabarani

Anza polepole. Kwenye lami kavu, kata usukani hadi mwisho na uzunguke kwa mwendo wa kutembea. Gari likijivuta, kana kwamba breki zimeshika, au tairi zikirukaruka, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, imeshikana. Mara nyingi chanzo ni tairi zisizolingana: Subaru inataka mzunguko wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Kagua tairi kabla. Mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma ni difu iliyoteswa.

Giaboksi ya gia 5 ya WRX haipendi kuondoka kwa fujo. Ingiza gia ya pili ikiwa bado baridi, kisha ya tatu kwa mizunguko ya juu. Mkwaruzo hapo ni sinkro, ringi zinazolinganisha mwendo wa gia, zimechoka. Katika gia ya tatu au ya nne achia mafuta na ushike tena: gia ikiruka yenyewe, jino limekwisha. Giaboksi ya gia 6 ya STI ni ngumu zaidi na spea zake ni ghali zaidi. Kwa S4 na Forester SJG, giaboksi ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kawaida. Tazama kama inatetemeka ukiondoka taratibu mlimani na uulize oili yake ilibadilishwa lini. "Haibadilishwi kamwe" si jibu.

Mwisho wa safari, kanyaga mafuta yote katika gia ya tatu kuanzia mizunguko 2,500, mahali salama. Nguvu ipande bila kukatika. Ikikatika ghafla katikati, kuna hosi inayovuja au presha imezidi na kompyuta imekata petroli.

Bei, na siku za kwanza

Klachi, mkanda, tairi, bushi, hosi: hayo ni ya kupunguziwa bei, na kila gari la umri huu litakuwa na baadhi yake. Konrodi inayogonga, silinda moja iliyo chini, chembe kwenye oili, turbo iliyokufa bila kusafishwa: hayo hayana bei ya haki isipokuwa ile ya gari lisilo na injini. Muuzaji akisema "tutakupunguzia ya ovahoo", pigia fundi wako simu palepale uulize ovahoo kamili pamoja na pistoni, beringi na kuchonga krenki. Utaona punguzo halifiki nusu.

Ukinunua, kabla ya kulizungusha kwa marafiki badilisha oili na filta, safisha au badilisha bolti ya oili ya turbo kama injini yako inayo, na angalia kijiti kila unapojaza petroli. Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa msumeno wa chuma, kunjua karatasi yake juu ya gazeti jeupe na uipitishie tochi. Usitumie sumaku peke yake, kwani tabaka la juu la beringi za konrodi limetengenezwa kwa madini yasiyonaswa na sumaku. Ukiona vipande vya rangi ya shaba, usiliwashe tena hata kulisogeza uani. Liburutwe hadi gereji na sampu ishushwe, maana beringi mpya bado ni nafuu na krenki bado inaweza kuokolewa.